Cheti cha ukutani hakitoshi: tuandikiwe kipimo cha leo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya visima tunayouziana mitaani hapa Mombasa, na hasa maji ya vile visima vidogo vya umma vyenye pampu moja, tangi moja au mawili na kibanda cha kuuzia, ambavyo kwa familia nyingi ndivyo tegemeo la mwaka mzima. Mimi ni katibu wa kamati ya kisima kimoja cha aina hiyo upande wa Kisauni. Kisima chenyewe sitakitaja, kwa sababu wanakamati wenzangu hawakunituma kuwasemea, na pia kwa sababu naamini kwamba mtu akitoka kwetu akaenda Likoni, Changamwe au Jomvu atakuta habari ni ile ile.

Katika kibanda chetu kuna cheti cha maabara kilichotiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa juu ya dirisha la kulipia. Kilitolewa wiki ile kisima kilipomalizwa kuchimbwa, na kinasema kwamba katika sampuli iliyopimwa hakukuonekana bakteria wa kinyesi. Kwa muda wa miaka minne kila mteja aliyetuuliza kama maji yetu ni salama tulimwelekeza kwenye kioo kile, nami ni miongoni mwa waliofanya hivyo mara nyingi zaidi. Cheti hakikusema uongo. Kilieleza hali ya maji ya chupa moja iliyotekwa siku moja, kabla nyumba tatu za ghorofa hazijajengwa nyuma ya kisima na kila moja kuchimbiwa karo lake la majitaka. Sisi ndio tuliokilazimisha kutoa ushahidi wa siku ambazo hakikuwapo.

Msomaji asiyeijua ardhi yetu huenda akaona nakuza jambo. Sehemu kubwa ya mji huu, kisiwani na ng'ambo zake, imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale na mchanga, na maji ya chini hayako mbali. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta kwenye milango ya misikiti visima vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, ambavyo watu waliteka kwa chombo cha mti chenye mpini. Maji yaliyo karibu kiasi hicho ni neema, na ndiyo yaliyowawezesha wazee wetu kukaa katika kisiwa kisicho na mto. Lakini jiwe la matumbawe lina nyufa na matundu, na maji yakishaingia humo hayachujwi kama yanavyochujwa yanapopenya taratibu katika udongo mzito. Hupita kama yaliyomo ndani ya bomba. Kilichotoka chooni kinaweza kufika kisimani kikiwa bado hai. Maafisa wa afya hutaja umbali wa mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, nao ni umbali mzuri pale udongo unaposaidia. Katika jiwe lenye nyufa, mita 30 ni mwanzo wa tahadhari tu. Iko mitaa ya Kisauni ambayo viwanja vyake ni vidogo hata nusu ya umbali huo haipatikani, na kwa kuwa sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya majitaka, kila nyumba huuweka uchafu wake chini ya miguu yake. Ikifika masika, hasa mwezi wa Mei ambao ndio wenye mvua kubwa kwetu, maji ya chini hupanda na kukutana na ya vyooni.

Wala haifai kuwaambia watu waviache visima. Kaunti hii, iliyokuwa na watu 1,208,333 katika hesabu ya mwaka 2019, hupata maji ya mfereji kutoka nje ya mipaka yake: Mzima huko Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Maji hayo hayatoshi na huja kwa zamu, na umeme ukikosekana Baricho huku nako mifereji hukauka. Mtu aliyekaa siku tano bila tone la mfereji hasubiri kuelezwa habari za bakteria. Hubeba mtungi wake akaenda palipo na maji. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapoandika, kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Sasa nieleze tuliyoyaona katika daftari letu. Tangu mwanzo tuliamua kutia dawa ya klorini katika tangi, na mtunza pampu wetu, kijana mwaminifu ambaye hajatuibia hata shilingi, alipewa kazi ya kupima kila asubuhi klorini iliyosalia katika maji na kuiandika. Masika yaliyopita, baada ya wiki ambayo watoto wengi wa mtaani waliharisha, nililichukua daftari nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo katibu alipaswa kuifanya kila mwezi. Kila siku palikuwa pameandikwa 0.5, yaani nusu miligramu kwa lita. Siku ya jua 0.5, siku ya mvua 0.5. Mwezi wa Machi zilikuwapo siku tatu ambazo pampu iliungua, tangi likakauka na kibanda kikafungwa. Siku hizo nazo zilikuwa na 0.5, kwa wino ule ule.

Nilipomuuliza hakubisha. Alisema vidonge vya kupimia vilikwisha mwezi wa Februari, akaomba fedha za kununua vingine, akaambiwa asubiri mkutano. Mkutano ukapita, na yeye aliogopa kuacha nafasi tupu kwa sababu sisi tulipopita kibandani tulikuwa tunatazama kama ukurasa umejaa. Nikafungua kumbukumbu za mkutano ule, ambazo niliziandika kwa mkono wangu. Ombi lake limo, mstari mmoja, na mbele yake nimeandika "liahirishwe". Kwa hivyo namsihi msomaji asimhukumu kijana huyu. Namba za uongo aliziandika yeye, lakini aliyezidai ni kamati iliyopenda kurasa zilizojaa kuliko maji yaliyopimwa.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unateka maji kwenye kichupa, unatia kidonge, na maji yakigeuka rangi ya waridi unayalinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kadi, ukasoma namba. Vijana wengi wa Kisauni na Nyali waliofanya kazi katika hoteli za ufukweni wanakijua kipimo hicho, maana ndicho wanachokitumia kwenye vidimbwi vya kuogelea kabla ya wageni kuingia majini. Inaniuma kufikiri kwamba kijana wa mtaani kwetu huyapima asubuhi maji ya mgeni ya kuogelea, kisha jioni akirudi nyumbani humnywesha mwanawe maji ambayo hakuna aliyeyapima.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba klorini iliyosalia isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapotekea, na kwamba iwe angalau 0.5 baada ya dawa kukaa na maji kwa nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo inayosahaulika. Foleni ikiwa ndefu, dawa hutiwa na mfereji hufunguliwa papo hapo, na mteja wa kwanza huondoka na maji yenye harufu ya dawa ambayo dawa yake haijamaliza kazi. Tena dawa hufa: unga wa klorini ukiachwa wazi katika joto na unyevu wa pwani hupungua nguvu mwezi hadi mwezi, na anayetia kipimo kile kile cha mwaka jana hajui tena anatia nini. Kwa tangi la lita 10,000, ukitaka miligramu 2 katika kila lita, zinahitajika gramu 20 za klorini yenyewe, yaani takriban gramu 30 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, ila inahitaji mizani, na sisi miaka yote minne tulikuwa tukipimia kifuniko cha chupa.

Tulipeleka sampuli maabara, na hapo tukajifunza kwamba kuteka maji ya kupimwa kuna utaratibu wake. Chupa hutolewa na maabara ikiwa imetakaswa, na kwa maji yaliyotiwa klorini huwa na dawa kidogo ndani yake ya kuizima klorini hiyo, ili isiendelee kuwaua bakteria njiani na kuleta majibu ya kupendeza. Mdomo wa mfereji husafishwa kwanza, maji huachwa yakatiririka, chupa hufungwa bila kuguswa ndani, kisha hutiwa katika sanduku lenye barafu ifike maabara siku hiyo hiyo, au isipite saa 24. Sampuli iliyosafirishwa juani kwenye bodaboda ndani ya chupa ya soda inaeleza habari za chupa na za jua. Kinachotafutwa kwanza ni E. coli, bakteria ambaye makao yake ni matumbo ya watu na wanyama wenye damu moto, na kiwango kinachokubaliwa ni kwamba asionekane hata mmoja katika mililita 100. Wengi wa jamii yake hawamdhuru mtu. Huyu hutafutwa kwa sababu ni shahidi. Alipo yeye, kinyesi kimefika, na njia aliyopitia inaweza kupitisha pia kipindupindu na homa ya matumbo.

Majibu yalipokuja, alikuwamo.

Mkutano wa usiku ule ndio ulionifanya nikuandikie, Mheshimiwa Mhariri. Tulikubaliana haraka kuongeza dawa, kuosha tangi na kununua vidonge. Tulichoshindwa kukubaliana ni kama wateja waambiwe. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema kwamba tukitangaza, watu watahamia kisima cha barabara ya pili, ambacho mwenyewe hajawahi kukipima tangu kichimbwe, na hivyo tutakuwa tumewatoa katika hatari tuijuayo tukawatia katika ile tusiyoijua. Mwingine alisema tutengeneze kwanza, tupime tena, halafu tuwaambie kwamba palikuwa na tatizo na limekwisha. Hizi si hoja za watu wabaya. Nilizisikiliza, nikaona zina uzito, nikanyamaza. Kwa siku nne tuliuza maji bila kumwambia mtu hata mmoja ayachemshe. Jirani yangu mmoja, mama mwenye mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya chupa, aliteka kwetu siku zote nne. Kila alipopita alinisalimu, nami nikamwitikia.

Namshukuru Mungu mtoto hakuugua. Lakini tangu siku hizo nimekuwa nikiufikiria msemo wetu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nikaona kwamba katika maji mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa anayeficha na anayekufa si mtu mmoja.

Yaliyotokea Walkerton yanafaa kujulikana na kila kamati ya kisima. Huo ni mji mdogo wa watu kama 5,000 katika mkoa wa Ontario, nchini Kanada, na maji yake yalitoka visimani kama yetu. Kimoja cha visima hivyo kilikuwa kifupi, kikivuta maji kutoka katika mwamba wenye nyufa karibu na uso wa ardhi, na jirani yake palikuwa na shamba la ng'ombe. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kadhaa mfululizo, na samadi ikapata njia ya kuingia kisimani. Wasimamizi wa maji walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kutia klorini pungufu na kuandika daftarini namba ambazo hawakuzipima. Majibu ya maabara yalipowafikia yakionyesha uchafu hawakuyatoa, na hata maafisa wa afya walipowauliza walijibiwa kwamba maji ni mazuri. Amri ya kuchemsha ilitolewa na ofisi ya afya tarehe 21 Mei, siku kadhaa baadaye. Watu saba walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi, na katika mambo yaliyodhihirika yapo mawili ambayo siyasahau: mwenye shamba hakuwa na kosa, maana alilitunza shamba lake inavyotakiwa, na wasimamizi wale wenyewe walikuwa wakiyanywa maji hayo, kwa sababu waliamini kwa dhati kwamba maji ya kisima ni safi kwa asili yake. Niliposoma hayo niliifikiria kamati yetu. Na sisi tulikuwa tukiyanywa.

Nakubali kwamba hatukosi sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo, na hakibagui kama muuzaji ni serikali au mtu binafsi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari hata kama imo mikononi mwa mtu mwingine, ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Ipo Sheria ya Maji ya mwaka 2016, wapo Wasreb, bodi ya taifa inayosimamia watoaji huduma za maji, ipo mamlaka inayotoa vibali vya kuchimba na kuvuta maji ya ardhini, vipo viwango vya Kebs, shirika la viwango la Kenya, vya maji ya kunywa ambavyo ni vya Afrika Mashariki nzima, na huduma za maji zenyewe zimekabidhiwa kaunti. Ninavyoona mimi niliyekaa upande wa kibanda, tatizo ni kwamba milango ni mingi na kisima kidogo hupita katikati yake. Aliyetupa kibali aliuliza tutavuta maji kiasi gani. Aliyekagua kibanda aliuliza kama sakafu inafagiwa. Katika miaka minne hakuna aliyeomba kuliona daftari la klorini, na kama angeliomba, angeliona kurasa zimejaa.

Marekani wamelitengeneza jambo hili kwa namna inayoweza kutufaa. Sheria yao ya maji ya kunywa ya mwaka 1974 inahesabu kuwa ya umma huduma yoyote inayowapa maji ya kunywa watu 25 au zaidi, au yenye viunganishi 15, kwa angalau siku 60 kwa mwaka, bila kujali mwenyewe ni nani. Kanuni ya maji ya ardhini iliongezwa mwaka 2006. Mji mdogo wenye watu wasiozidi 1,000 kwa kawaida hupeleka sampuli ya bakteria kila mwezi, uchafu wa E. coli ukithibitishwa wateja huarifiwa ndani ya saa 24, na kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai wakazi wanaohudumiwa hupata ripoti ya yaliyopatikana katika maji yao. Kwa kipimo hicho cha watu 25, karibu kila kisima cha msikiti, cha shule, cha madrasa, cha ploti ya kupangisha na cha kibanda hapa kwetu kingekuwa cha umma, na mwenye ploti asingeweza kusema kwamba maji ni yake na mambo yake ni yake.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hayo, na ninaamini kinawezekana kabla ya masika yajayo. Kila mahali maji ya kisima yanapouzwa au kugawiwa Mombasa, pawe na ubao unaosomeka kutoka kwenye foleni, ulioandikwa kwa Kiswahili tarehe ya kipimo cha mwisho cha maabara, kama E. coli alionekana au hakuonekana, na klorini iliyosomwa leo pamoja na saa iliyosomwa. Siku ambayo haikupimwa, iandikwe kwamba haikupimwa. Naisisitiza hiyo ya mwisho kuliko zote, kwa kuwa daftari letu liliharibika kwa sababu nafasi tupu ilikuwa aibu. Mtunza pampu akiruhusiwa kuandika kwamba hakupima kwa kuwa vidonge vimekwisha, wateja wenyewe watatudai vidonge kesho yake asubuhi, na hakuna mkaguzi atakayewashinda kwa ukali. Na majibu mabaya yakija, yaandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na neno la kuchemsha.

Kaunti nayo iwe na orodha ya visima hivi vyote, kila kimoja na namba yake, na maafisa wa afya ya umma wanapokuja wasiangalie karatasi peke yake. Waangalie kama mdomo wa kisima umeinuliwa na kuzungushiwa saruji isiyo na ufa, kama mfuniko wa tangi unafunga, kama maji yanayomwagika kibandani yanarudi kisimani, karo lililo karibu liko wapi na liko upande gani. Mambo hayo yanaonekana kwa macho bila maabara. Lakini naomba pia ukaguzi usiwe wa kufungia watu. Kisima kikifungwa leo, kesho wateja wake watakuwa kwa mwenye mkokoteni, ambaye hawezi hata kuulizwa aliyateka wapi. Kamati yenye nia ipewe muda, ipewe bei nafuu ya maabara, na ikiwezekana mitaa kadhaa ikusanye sampuli zake siku moja katika sanduku moja la barafu. Gharama inayomshinda mmoja huwezekana kwa watano.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba klorini humaliza kila kitu. Kutoka vyooni huingia pia nitrati, ambayo haina rangi wala ladha wala harufu, na klorini haiigusi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, nacho kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa kwa chupa, kwa sababu nitrati nyingi huifanya damu yao ishindwe kubeba hewa ya oksijeni, wakabadilika rangi na kuwa samawati. Na hapa ushauri wetu mzuri wa siku zote hugeuka kuwa mbaya: kuchemsha hakuondoi nitrati, bali maji yanapopungua kwa mvuke, nitrati iliyomo huzidi ukali. Yule mama jirani yangu, hata kama tungelimwambia achemshe, tungelikuwa tumemjibu nusu tu. Chumvi ni hivyo hivyo. Pampu ikivuta kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi hupanda na hayarudi upesi, na wanaojua kisima chao kwa ulimi hugundua wakiwa wamechelewa. Kwa hivyo angalau mara moja kwa mwaka vitu hivi navyo vipimwe na kuandikwa ubaoni.

Siku ya tano tulitangaza. Wateja wachache waliondoka na wengi wao wamerudi. Yule mzee aliyepinga ndiye aliyetoa mbao za ubao wetu, na mtunza pampu ana mizani, vidonge na ruhusa ya kuacha nafasi tupu. Jana saa moja asubuhi klorini ilikuwa 0.4 kibandani na 0.1 katika mfereji wa mwisho ulio karibu na madrasa, na hiyo 0.1 iko chini ya inavyotakiwa. Zote mbili zimeandikwa ubaoni, wanafunzi wameletewa mitungi kutoka kibandani, na leo tunafukua bomba la upande ule tuone linavujia wapi.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa